Kaseti na CD zimekwisha: lebo ndogo za muziki za mashariki mwa Kongo zinaishi na nini?

Mwezi Machi 2025, IFPI, shirika la kimataifa la kampuni zinazorekodi muziki, lilitangaza hesabu iliyozunguka haraka kwenye simu za wasanii wa Afrika. Kwa mara ya kwanza, mapato ya muziki uliorekodiwa katika Afrika kusini mwa Sahara yalipita dola milioni 100 kwa mwaka mmoja. Ilikuwa mwaka 2024, na ongezeko lilikuwa la asilimia 22.6. Wengi waliisambaza habari hiyo kama ushindi.

Ukiisoma hesabu hadi chini, furaha inapungua. Karibu robo tatu ya pesa hizo ni za Afrika Kusini peke yake. Nigeria, Kenya, Tanzania, Côte d'Ivoire, Kongo na nchi zingine zote zinagawana robo iliyobaki. Mwaka huohuo, dunia nzima iliingiza dola bilioni 29.6 kutokana na muziki uliorekodiwa. Kwa hiyo sehemu ya Afrika kusini mwa Sahara haikufika hata asilimia moja. Nchi mbili za Kongo, ambazo rumba yao UNESCO iliiandika kwenye orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, zimo ndani ya makombo hayo.

Hapo katikati kuna watu ambao takwimu hizo hazionyeshi sura zao: wenye lebo ndogo za Goma, Bukavu, Beni, Bunia, Uvira au Lubumbashi. Lebo huku si jengo la ghorofa lenye wanasheria. Mara nyingi ni chumba kimoja chenye kompyuta, maikrofoni na vipande vya godoro vilivyobandikwa ukutani kuzuia kelele. Kuna kijana anayetengeneza midundo, na mwingine anayeitwa manaja, ambaye ndiye anatafuta pesa ya klipu. Ni lebo huru kwa sababu haimilikiwi na Universal, Sony wala Warner. Je, teknolojia mpya inaikomboa lebo ya namna hiyo, au inaiua polepole?

Jibu si moja. Intaneti imeondoa kazi ambayo zamani ilikuwa sababu ya lebo kuwepo, yaani kutengeneza santuri, kaseti au CD na kuzifikisha sokoni. Kazi iliyobaki haionekani wala haina shangwe: mikataba, majina, asilimia, namba za siri. Wengi bado wanaendesha lebo kama duka la kuuza nyimbo, wakati biashara imehamia kwenye makaratasi.

Zamani mlango ulikuwa kiwanda

Inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu Kongo imewahi kupita njia hii. Mwaka 1948, mfanyabiashara Mgiriki Nicolas Jéronimidis alifungua lebo ya Ngoma mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Zikafuata Opika na Loningisa, nazo za wafanyabiashara wa kigeni. Mwanamuziki aliingia studio, akaimba, mara nyingi akalipwa pesa ya siku hiyo, akaenda nyumbani. Santuri ikauzwa miaka na miaka.

Mwaka 1960 Joseph Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé, alifungua lebo yake mwenyewe, Surboum African Jazz. Wengine wakaiga mfano: Franco na Éditions Populaires, Verckys Kiamuangana na Éditions Vévé, Tabu Ley na Isa. Kwa muda Kinshasa ikawa mji wa lebo zinazomilikiwa na wanamuziki wenyewe, jambo ambalo miji mingi mikubwa ya dunia haikuwa nalo. Lakini bado kulikuwa na mlango wa kupita, nao ni kiwanda cha kutengeneza santuri, MAZADIS. Uchumi wa Zaire ulipoanguka, malighafi ikawa ngumu kupatikana, kaseti za bandia zikajaa masokoni, na sehemu kubwa ya muziki huo ikawa inachapishwa upya Ulaya, hasa na Sonodisc ya Paris. Mtoto wa mwanamuziki wa Kinshasa aliyetaka santuri ya baba yake ilimbidi amwombe ndugu aliye Ufaransa.

Mashariki haikuwa na kiwanda kabisa. Mwaka 1952, Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, Likasi ya leo. Mwenda aliimba kwa Kiswahili, sifa zake zikafika hadi Nairobi, lakini santuri zake zilitoka kwenye Gallotone, lebo ya Afrika Kusini. Tangu wakati huo hadi zama za CD, msanii wa Kivu au Katanga aliyetaka kazi yake iende mbali alilazimika kuipeleka Kinshasa, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam.

Ni kweli kwamba mlango huo wa kiwanda umevunjika. Leo kijana wa Bukavu anamaliza wimbo Alhamisi usiku na kuutuma kwa msambazaji wa mtandaoni kama DistroKid, TuneCore au CD Baby, na baada ya siku chache uko Spotify, Apple Music, Deezer, Boomplay na Audiomack. Ada ya mwaka kwa baadhi ya wasambazaji hao inakaribia bei ya mfuko mmoja wa mchele wa kilo 25. Kabasele angesikia hivyo, asingeamini. Boomplay, iliyoanza mwaka 2015 ikiwa tayari ndani ya simu za Tecno, iliingia mifukoni mwa watu bila hata kuombwa. Spotify ilifungua milango yake Kongo Novemba 2021. Kwa upande wa kuingia sokoni, hakuna tena tofauti kati ya lebo ya chumba kimoja na kampuni ya London. Ni kwenye malipo ndipo wanapoachana.

Nyimbo arobaini, dola sifuri

Watu wengi wanafikiri kila mara wimbo unaposikilizwa kuna bei inayolipwa, kama tiketi ya basi. Sivyo. Jukwaa kama Spotify linakusanya pesa za wanaolipa kila mwezi na za matangazo, linatoa sehemu yake, kisha linagawa zilizobaki kulingana na nani amesikilizwa mara nyingi zaidi. Nyimbo zinazosikilizwa zaidi zinavuta sehemu kubwa ya mgao. Mwenye lebo hawezi kupanga bei ya bidhaa yake. Hawezi hata kukisia atapata nini mwezi ujao.

Tangu mwanzo wa 2024 Spotify iliongeza sharti: wimbo usiofikisha angalau mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 hauingii kwenye hesabu ya malipo ya waliorekodi. Kampuni ilieleza kwamba pesa za nyimbo hizo ni ndogo mno, mara nyingi hazimfikii hata mwenyewe kwa sababu ya kiwango cha chini cha kutoa pesa kilichowekwa na wasambazaji. Kwa nyota, sharti hilo halionekani. Kwa lebo ndogo linabadilisha kila kitu.

Tuseme lebo ya Beni ina nyimbo 40 za wasanii wanane, na kila wimbo umesikilizwa mara 700 kwa mwaka. Jumla ni mara 28,000. Malipo ni sifuri. Lebo jirani yenye wimbo mmoja tu uliosikilizwa mara 28,000 hao hao inalipwa, ingawa kwa kiasi kidogo. Desturi ya zamani ya lebo huru ilikuwa kurekodi wengi na kusubiri mmoja atakayelipia wenzake. Wale wengine waliuza kaseti 50 hapa, 80 pale, na pesa hizo ndogo zilihesabika. Sasa hazihesabiki. Mfumo unamsukuma mwenye lebo kuchagua msanii mmoja, kumwekea pesa zote, na kuwaacha saba waliobaki wajitegemee. Ndicho kinachoonekana katika miji mingi ya mashariki: lebo zenye jina kubwa na msanii mmoja.

YouTube ina masharti yake. Ili chaneli ipate mgao wa matangazo, inahitaji watu 1,000 waliojiandikisha na saa 4,000 za kutazamwa katika mwaka, au mara milioni 10 za video fupi katika siku 90. Tena programu hiyo haiko wazi kwa nchi zote. Ndiyo maana lebo zinatumia pesa nyingi kwa klipu kuliko kwa wimbo wenyewe. Gari la kuazima, nguo, drone, chakula cha wachezaji: vyote vinalipwa mkononi, leo, kwa ajili ya pesa ambayo labda itakuja baada ya miezi mingi.

Halafu kuna mtego ambao vijana wengi wanaujua wakiwa wamechelewa. Midundo mingi inanunuliwa mtandaoni kwa bei ndogo, na anayenunua anapewa ruhusa ya kuitumia tu, si umiliki. Mdundo huohuo unauzwa kwa mtu wa Lusaka na mwingine wa Marseille. Mmoja wao akiusajili wimbo wake kwenye Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua sauti, wimbo wa Goma unaanza kudaiwa kama wizi na mapato yake yanaweza kwenda kwa mwingine. Kushinda madai hayo kunataka barua, risiti na uvumilivu. Lebo isiyo na hata daftari la risiti itajitetea na nini?

Wasikilizaji wa karibu nao hawahesabiki. Mjini Goma wimbo unaweza kupigwa katika kila duka la Birere, madereva wa pikipiki wakauweka kwenye redio zao, vijana wakatumiana kwa WhatsApp na Xender, kijana mwenye kompyuta kando ya soko akaujaza kwenye flashi kwa franka chache. Mji mzima unaujua. Ukifungua ukurasa wa takwimu, unaonyesha mara 300. Kwa mtu anayenunua mega za siku moja ili asome ujumbe, kusikiliza muziki mtandaoni ni anasa. Analipa muziki, ndiyo, lakini analipa mwenye flashi.

Anayelipa yuko Texas

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha: kwa lebo nyingi za Kiswahili za mashariki mwa Kongo, msikilizaji mwenye faida yuko mbali. Vita vya miaka thelathini vimewapeleka Wakongo wa Kivu hadi kambi za Nyarugusu na Kakuma, na kutoka huko maelfu wamehamishiwa Marekani, Kanada na Australia. Wakongo walikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, katika majimbo kama Texas, Kentucky na Iowa. Wakiwa huko wanatafuta nyimbo za nyumbani, hasa za kwaya na za injili.

Pesa inayopatikana kwa msikilizaji mmoja anayelipa kila mwezi kwa dola za Marekani ni kubwa kuliko ya msikilizaji wa bure aliyeko Afrika, kwa sababu matangazo na ada vina bei tofauti kwa kila nchi. Kwaya ya Uvira inayosikilizwa na familia elfu mbili za Dallas inaweza kupata zaidi ya msanii wa kisasa anayeshangiliwa na nusu ya Bukavu. Watayarishaji wa nyimbo za injili walilielewa hilo mapema. Wanaandika majina ya nyimbo kwa uangalifu ili zipatikane, wanaweka maneno ya wimbo chini ya video, wanajua siku za ibada za huko ng'ambo. Waimbaji wa dunia, kama wanavyoitwa kanisani, wamechelewa.

Lakini faida hiyo ina makato. Tangu Juni 2021, Google inakata kodi ya Marekani kwenye mapato ya YouTube yanayotokana na watazamaji walioko Marekani. Kwa mtu wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, kama Kongo, kiwango kinafika asilimia 30. Asiyejaza fomu ya kodi anaweza kukatwa hadi asilimia 24 ya mapato yake yote, hata yale ya watazamaji wa Lubumbashi. Fomu hiyo ni kurasa chache za kujaza kwenye simu. Ni kazi ya lebo, na lebo nyingi haziijui.

Pesa ikishapatikana, inabidi ivuke. Wasambazaji wanalipa kwa benki, PayPal, Payoneer na njia za namna hiyo. Mwenye M-Pesa au Airtel Money pekee anabaki nje. Desturi imekuwa kutumia akaunti ya ndugu aliye Kigali, Kampala, Nairobi au Brussels, ambaye anatoa pesa na kuituma, akiwa amekata kidogo kwa usumbufu. Tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025 na Bukavu katikati ya Februari, njia hiyo ya ndugu imekuwa ya lazima hata kwa waliokuwa na akaunti zao, kwa sababu benki za biashara zilifunga milango na dola mkononi zikawa adimu. Maonyesho ya usiku, ambayo ndiyo yalikuwa yakilipa kodi ya chumba cha studio, nayo yalisimama kwa muda. Lebo iliyotegemea jukwaa la baa ilikauka katika wiki moja. Iliyokuwa na nyimbo zake kwa jina lake, zikisikilizwa nje, iliendelea kupata, japo kidogo.

Hapo ndipo thamani ya mtandao inaonekana kweli. Haijafanya lebo kuwa tajiri. Imeipa kipato ambacho hakihitaji barabara wala uwanja wa ndege.

Uhuru wa nani?

Neno "huru" lenyewe limeanza kuchuja. Kampuni tatu kubwa ziliona kwamba lebo ndogo haziuziki moja moja, zikaamua kununua bomba linalopitisha nyimbo zao. Sony ilichukua The Orchard yote mwaka 2015, baadaye ikanunua AWAL. Warner iliwekeza katika Africori, msambazaji wa muziki wa Afrika, mwaka 2020, kisha ikawa na hisa nyingi zaidi. Universal ilitangaza mwaka 2024 kununua sehemu kubwa ya Mavin, lebo ya Lagos iliyokuwa mfano wa uhuru kwa vijana wa bara zima, na Desemba mwaka huohuo ikatangaza mpango wa dola milioni 775 wa kununua Downtown, kampuni inayomiliki CD Baby. Lebo huru za Ulaya zilipinga mpango huo kwa nguvu. Hoja yao ilikuwa rahisi: anayemiliki msambazaji anaona hesabu za wapinzani wake wote, wimbo gani unapanda, mji gani unausikiliza, kabla mwenyewe hajajua afanye nini.

Kwa lebo ya Bunia mambo hayo yanaonekana ya mbali. Si ya mbali. Msanii wake akianza kupanda, wa kwanza kujua si mwenye lebo, ni aliye na takwimu. Simu inapigwa moja kwa moja kwa msanii. Kama hakuna mkataba ulioandikwa, lebo iliyomlea inabaki na picha za pamoja na madeni ya klipu.

Upande wa pili wa shilingi ni mkataba unaokaba. Mfano unaojulikana zaidi kwa wasikilizaji wa Kiswahili ni wa Wasafi ya Diamond Platnumz, lebo iliyokua na YouTube, ikajenga redio na televisheni, na mwaka 2021 ikaingia ushirikiano na Warner. Harmonize alipoondoka mwaka 2019 na kuanzisha Konde Gang, alisema alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 za Tanzania ili awe huru. Rayvanny naye aliondoka mwaka 2022. Mjini Goma mashabiki walijadili habari hizo kama mechi ya mpira, nani ana haki, nani ni msaliti. Walichokosa kuona ni kwamba palikuwa na karatasi. Kila upande ulijua kilicho chake na bei ya kuachana. Kati ya lebo na wasanii wa mashariki mwa Kongo, ni wangapi wanaoweza kusema hivyo?

Hali ya kawaida huku ni maneno ya mdomo: "sisi ni ndugu, tutaelewana." Lebo inalipa studio na klipu, msanii anaimba, na rafiki mwenye kadi ya benki anafungua akaunti ya msambazaji kwa jina lake. Kwa mashine, mmiliki ni huyo rafiki. Mkigombana baada ya miaka mitatu, yeye ndiye anayeweza kuondoa wimbo, kubadili asilimia au kupokea malipo. Hakuna hakimu wa Kongo atakayeifikia akaunti iliyofunguliwa Marekani kwa jina la mtu aliye Ulaya, hasa kama hakuna hata ujumbe wa WhatsApp uliohifadhiwa.

Karatasi ya kurasa mbili ingetosha. Nani anamiliki rekodi ya mwisho, ambayo watu wa studio wanaiita masta? Kwa miaka mingapi? Gharama zikisharudi, kila mmoja anachukua asilimia ngapi? Aliyetengeneza mdundo ana sehemu au alilipwa akamaliza? Akaunti iko kwa jina la nani, na msanii akiondoka, nyimbo zinabaki wapi? Wasambazaji wengi siku hizi wana sehemu ya kugawa mapato, ambapo kila mtu anapokea asilimia yake moja kwa moja. Haihitaji imani. Kwa kijana aliyewahi kuimba katika bendi ambayo mkubwa alishika pesa zote, hiyo ni mapinduzi makubwa kuliko Spotify yenyewe.

Taarifa za wimbo nazo ni pesa. Kila rekodi inapewa namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, kama kitambulisho. Wimbo uleule ukipakiwa mara mbili kwa namba mbili, hesabu inagawanyika, na ule mpaka wa mara 1,000 unakuwa mbali zaidi. Jina la msanii likiandikwa leo kwa "y" na kesho kwa "i", mashine inaona watu wawili. Nyimbo za Kiswahili zinaumia zaidi hapa, kwa sababu majina kama "Mama", "Yesu" na "Amani" yako kwa maelfu, na wimbo usio na jina la mtunzi wala maneno unapotea katikati yao.

Serikali na SOCODA

Kongo ina sheria ya haki za watunzi na haki jirani tangu tarehe 5 Aprili 1986. Iliandikwa wakati wa kaseti. Ina neno la kusema kuhusu redio na sahani, lakini haikuwaza kampuni iliyo Stockholm inayohesabu usikilizaji wa Kindu. SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011, ndiyo yenye kazi ya kukusanya haki kutoka redio, hoteli, baa na kumbi. Malalamiko ya wanamuziki kuhusu mgao wake si ya jana, na mengi yanatoka Kinshasa kwenyewe, ambako ofisi iko karibu. Kwa msanii wa Butembo, ni jina tu.

Hata hivyo kuna haki mbili katika kila wimbo, ya aliyetunga na ya aliyerekodi, na msambazaji wa mtandaoni kwa kawaida analeta ile ya pili tu. Ile ya kwanza inapita kwenye mashirika ya watunzi. Lebo ambayo haijaandikisha watunzi wake popote, iwe SOCODA au shirika la nje, inaacha sehemu ya pesa hewani. Wakongo walioko Ulaya wamejiandikisha Sacem ya Ufaransa au Sabam ya Ubelgiji tangu zamani, na ndiyo sababu moja ya muziki wa Kinshasa kulipa zaidi ukiwa Paris. Mashariki haijazoea njia hiyo, na wanaoijua hawana haraka ya kuwaambia wenzao.

Kwa sasa lebo nyingi zinalipa kodi ya chumba kwa njia ambazo hazimo katika hesabu za IFPI: wimbo wa harusi, tangazo la kampuni ya simu, wimbo wa uhamasishaji ulioagizwa na shirika lisilo la kiserikali, kurekodi kwaya kwa bei ya saa. Si aibu. Lebo za Ulaya nazo zinaishi kwa matangazo na sinema. Ila kazi hizo zinalipwa mara moja, na wimbo wa shirika mara nyingi unabaki mali ya shirika. Unalipa chakula cha mwezi. Katalogi haiongezeki.

Na katalogi ndiyo iko hatarini zaidi. Siku za mapigano ya Goma, Januari 2025, watu walikimbia na magodoro na masufuria, maduka na maghala yakaporwa. Katika studio ya chumba kimoja, kazi ya miaka kumi iko ndani ya kompyuta moja na diski moja ya nje iliyo mezani kando yake. Mwizi akivichukua, wimbo uliokwisha kupakiwa unaendelea kusikika Dallas kama kawaida. Lakini sauti zilizorekodiwa moja moja, ambazo bila hizo huwezi kutengeneza toleo jipya wala kuthibitisha kwamba ulirekodi wewe, zimekwenda. Na kama namba ya siri ya akaunti ilikuwa kwenye simu iliyoporwa siku hiyohiyo, malipo yanaendelea kujilimbikiza kwa jina ambalo hakuna anayeweza kulifungua.